Hijabu si kisingizio tena, wekeni ringi!



Kila tukizungumzia timu ya taifa ya vijana ya wasichana ya kikapu hapa bwenini, hakosi wa kusema, "Watoto wa Kipemba na hijabu zao watacheza wapi?" Leo mie nabisha.

Zamani hoja hiyo ilikuwa na mashiko. FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, lilikataza kufunika kichwa. Mwaka 2014, Michezo ya Asia kule Incheon, Korea Kusini, wanawake wa Qatar walitakiwa wavue hijabu. Wakagoma, wakapoteza mechi, wakajitoa. Lakini tangu Oktoba 2017 hijabu ni ruksa. Jee, sie bado twaimba wimbo ule ule?

Na wa kusema Waislamu hawawezi, atazame Mali. Mwaka 2021, wasichana wao wa chini ya miaka 19 walishika nafasi ya nne Kombe la Dunia, kule Debrecen, Hungaria. Ya nne duniani, si Afrika!

Zanzibar haina kiti chake FIBA. Kwa hiyo mtoto wa Wete au Micheweni mlango wake ni mmoja tu, timu ya Tanzania. Sasa nani atamchagua mtoto ambaye hajawahi kuudunda mpira wenyewe?

Skuli niliyosoma mie, wasichana tulipewa mpira wa pete, basi. Si vibaya. Tena ringi ya pete ina kimo kile kile cha ringi ya kikapu, mita 3.05! Kudaka, kupasi na kulenga watoto washajua. Kilichobaki ni ubao nyuma ya ringi, sakafu ngumu na mtu wa kuwafundisha kudunda.

Na msinambie hakuna pesa ya uwanja mzima. Kuna kikapu cha watatu kwa watatu, kipo Olimpiki tangu ile ya Tokyo iliyochezwa 2021. Nusu uwanja, ringi moja, mechi dakika 10 au atakayewahi pointi 21. Skuli ikishindwa hilo, basi haijataka.

Wenzangu wa ualimu, hapa ndipo penye kazi yetu. Kesho mtoto wa kike atakuja na mpira mkononi kuomba ruhusa. Ukimjibu "kaa na mtandio wako", ujue si FIBA iliyomzuia. Ni wewe.

Nawasilisha.