Picha ya Duma na Mwanawe



Katika ofisi ya madrasa yetu ipo picha inayosifiwa na kila aingiaye: duma jike amelala katika nyasi za Serengeti, amemkumbatia mwanawe kwa mikono ya mbele, naye anamramba uso. Mtoto amefumba macho, na yale manyoya marefu ya kijivu ambayo watoto wa duma huwa nayo mgongoni yamelowa mate ya mama. Tuliipiga katika safari ya wanafunzi mwaka jana. (Hukumu ya picha za viumbe wenye roho tunawaachia masheikh wetu, ambao wamekhitilafiana; siyo tunayoikusudia leo.)

Tunalolikusudia ni namna picha hiyo ilivyopatikana. Tulipowasili yalikuwapo magari mawili. Madereva huarifiana kwa redio, na haukupita muda yakawa tisa. Dereva wetu alitaka kusimama mbali. Sisi, tuliopewa amana ya watoto wale, ndio tuliomsihi asogee, kwa kuwa kamera tuliyoazima haikuvuta mbali. Akasogea. Picha ikapigwa. Kisha mama akainuka, akapenya baina ya magari na kwenda zake, watoto wawili wakimfuata. Wa tatu akabaki upande wetu. Duma hangurumi kama simba. Humwita mwenziwe kwa mlio mwembamba mfano wa ndege. Mtoto yule aliita hivyo, nazo injini zikiwaka. Binti mmoja mdogo akatuuliza, "Ustadhi, mama yake atamsikia?" Tukamjibu, inshaallah atamsikia. Tukaondoka, kwani muda wa kutoka langoni ulikuwa umekaribia.

Swali lile halikutuacha, ikabidi tusome. Duma jike hulea peke yake. Dume hana fungu katika malezi. Aendapo kuwinda huwaacha wadogo wamejificha, na aghalabu huwinda mchana, saa zile zile za watalii. Simba na fisi huwaua watoto wake. Utafiti uliofanywa Maasai Mara na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa penye watalii wengi, kila uzao ulifikisha kwa wastani watoto 0.2 katika umri wa kujitegemea. Penye watalii wachache, 2.3. Maana yake, penye magari mengi mizao mitano hutoa mtoto mmoja tu. Haikuthibitika kuwa ni kugongwa na magari. Huenda ni mama kushughulishwa, kukosa mawindo, kupotezana na wanawe.

Amesimulia Ibn Mas'ud (R.A) kwamba maswahaba walipokuwa safarini na Mtume (S.A.W) walimwona ndege mdogo mwenye makinda mawili, wakayachukua. Mama akaja akitapatapa kwa mbawa zake. Mtume (S.A.W) alipofika aliuliza ni nani aliyemtia uchungu huyu kwa ajili ya wanawe, akaamuru arejeshewe. Hadithi hii tumewasomesha wanafunzi wetu miaka sita sasa, nao huijibu vizuri katika mtihani. Maswahaba walikuwa na makinda mikononi, wakayarudisha. Sisi tulirudi na picha.

Wapo watakaosema kuwa tunakuza jambo, kwamba hao ni wanyama tu na pengine mama alirejea usiku. Pengine alirejea. Lakini ile huruma tuliyokwenda kuwaonyesha watoto wetu, ambayo Mtume (S.A.W) ametufundisha kuwa ni sehemu ya rehema aliyoishusha Allah (S.W) hata mnyama akainua kwato asimkanyage mwanawe, tuliikatiza sisi wenyewe ili tuipate karatasini.

Kamati imekubaliana kuhusu safari ya mwaka huu. Dereva ndiye atakayeamua umbali, wala asisihiwe na mwalimu yeyote. Injini itazimwa. Tukikuta magari matano tayari, tutapita. Picha imebaki ukutani, na anayeisifu husimuliwa habari yake. Mzazi mwenye darubini tunamwomba atuazime kabla ya safari. Tunazo mbili, na wanafunzi ni 34.