Mjane wa Mlima Elgon Hahitaji Unga Peke Yake



Kila Ramadhani tunachanga. Tunanunua unga, mchele, tende na mafuta, tunagawa, tunapiga picha, tunarudi nyumbani roho safi. Allah awalipe wote wanaotoa. Lakini leo tuongee juu ya kina mama ambao unga ukiwafikia unaisha baada ya wiki mbili, na shida yao inabaki palepale. Wako Cheptais, Kopsiro na Kapsokwony, huko Mlima Elgon, kaunti ya Bungoma. Wengine walikimbilia upande wa Kitale na hawakurudi tena. Hawa wanahitaji karatasi. Subiri nikueleze.

Kama una miaka 20 hivi, vita vya Mlima Elgon pengine umevisikia kwa mbali tu. Chanzo kilikuwa ardhi, hasa mpango wa makazi wa Chebyuk ambao serikali ilianzisha miaka ya 1970 na kuugawa awamu baada ya awamu, kila awamu ikiacha watu na uchungu mpya. Kufikia 2006 kundi lililojiita Sabaot Land Defence Force, SLDF, lilikuwa limeshika bunduki. Liliua, likateka, likabaka, likakata watu masikio, likatoza wanakijiji kodi. Machi 2008 serikali ikatuma jeshi, operesheni ikaitwa Okoa Maisha. Wanaume na vijana walikusanywa kwa maelfu na wengi wakapelekwa kambi ya Kapkota kuchujwa. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika habari za mateso ya kutisha humo ndani. Wengine walifikishwa mahakamani Bungoma. Wengine hawakuonekana tena mpaka leo. Mashirika hayo yalihesabu zaidi ya watu 300 waliopotea, baadhi mikononi mwa SLDF, baadhi mikononi mwa vyombo vya usalama.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mke wa mmoja wa hao. Mume hayupo, lakini pia hajafa kwa mujibu wa serikali. Hakuna maiti, kwa hivyo hakuna cheti cha kifo. Bila cheti cha kifo huwezi kufungua mirathi. Bila mirathi, shamba linabaki kwa jina la mtu ambaye hayupo, na shemeji anajua hivyo. Akija kukuambia uhame, utamwonyesha nini? Pesa zilizoko benki, huzigusi. Mtoto akitaka basari, anaambiwa alete uthibitisho kwamba ni yatima. Na watoto waliokuwa mgongoni wakati ule sasa ni watu wazima wanaotafuta kitambulisho, wanaulizwa, "Baba yako yuko wapi?" Swali hilo hata mama yao hana jibu lake.

Wewe kijana wa Kiislamu, hasa wa Pwani au Kaskazini Mashariki, hadithi hii unaijua. Unajua uchungu wa kusimama mbele ya afisa na kuambiwa ulete karatasi ya babu. Unajua mama wa Majengo au wa Likoni ambaye mwanawe alichukuliwa na gari lisilo na nambari, akazunguka vituo vyote vya polisi na kila kituo kikamwambia hayupo kwetu. Mama huyo wa Mombasa na yule wa Kopsiro wana jeraha moja. Tofauti ni kwamba mmoja tunamwita dada yetu, na mwingine hatujawahi kumtafuta.

Najua kuna atakayesema, "Lakini hao wengi si Waislamu. Si tumalize shida za umma wetu kwanza?" Swali ni la haki, na jibu liko kwenye sira. Kabla ya kupewa utume, Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, alihudhuria Hilful Fudhul katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an pale Makka. Mfanyabiashara kutoka Yemen alidhulumiwa mali yake na mkubwa wa Kikureshi. Hakuwa wa kabila lao na hakuwa na wa kumtetea. Koo kadhaa zikala kiapo kusimama na anayedhulumiwa mpaka apate haki yake. Waliokula kiapo hawakuwa Waislamu, na aliyetetewa hakuwa Mwislamu. Baadaye, Uislamu ukiwa umeshasimama, Mtume alisema kwamba hata sasa angeitwa kwenye kiapo kama kile angeitika. Basi sisi tunajibagua kwa dalili gani?

Kuna jambo lingine gumu zaidi, na lazima tuliseme. Huko mlimani wajane hawakutoka upande mmoja. Yuko ambaye mumewe aliuawa na SLDF, na yuko ambaye mumewe alikuwa SLDF. Wanachota maji mto mmoja na watoto wao wanasoma darasa moja. Ukianza kugawa msaada kwa kuuliza mume alikuwa nani, umeanzisha vita upya. Sisi tunajua mke wa mtu aliyeshukiwa ugaidi anavyoishi: majirani wanamkimbia, mwenye nyumba anamfukuza, watoto wanaitwa majina shuleni. Tulipinga hilo kwetu, basi tulipinge na kwao. Mtoto hakuchagua baba. Na yule aliyezaliwa kwa sababu mama yake alibakwa ndiye mwenye haki zaidi ya kuitwa kwa jina lake tu.

Serikali je? TJRC ilikabidhi ripoti yake Mei 2013. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba msamaha Bungeni na kutangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa wa dhuluma za kihistoria. Wajane walipiga makofi, kisha wakaanza kungoja. Shirika la IMLU lilipeleka kesi ya Mlima Elgon katika Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha, na mwaka 2012 majaji wa rufaa wakasema imeletwa nje ya muda. Kenya ilitia sahihi mkataba wa kimataifa dhidi ya kupoteza watu Februari 2007, kabla hata ya operesheni ile, lakini haikuuridhia. Tuendelee kuidai serikali bila kuchoka. Ila mama hawezi kula ahadi, na kuna mlango ambao tayari uko wazi.

Kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi kinasema mtu asiposikika kwa miaka 7 na wale ambao wangetarajiwa kupata habari zake, achukuliwe kuwa amefariki mpaka ithibitishwe vingine. Aliyepotea 2008, miaka hiyo iliisha 2015. Maana yake mama anaweza kwenda mahakamani, Bungoma au Kitale, akapata amri ya kumwezesha kuomba cheti cha kifo. Kisha afungue mirathi. Kisha shamba liandikwe. Fiqhi yetu nayo ina mlango mzima wa mafqud, mtu aliyepotea, kwa sababu wanazuoni waliona zamani kwamba mke hawezi kuning'inizwa maisha yake yote.

Mbona basi wengi hawajaenda? Kwa sababu korti inataka hati ya kiapo, barua ya chifu, na ripoti ya polisi. Wengi hawakuripoti wakati ule. Ungeripoti kwa nani, wakati unaowaogopa ndio wamevaa sare? Inataka nauli, mara tatu, mara nne. Inataka mtu wa kusoma fomu na kukueleza, na mtu wa kukaa na wewe kwenye benchi ili karani asikufukuze kama inzi.

Kazi hiyo wewe unaiweza. Kama unasoma sheria, siku mbili za likizo zinatosha kuandika viapo kumi chini ya wakili. Kama una pikipiki, mpeleke mama kwa chifu, kisha kituo cha polisi, na usitoke bila nambari ya OB. Kama unajua kompyuta, msaidie kijana wake kuomba cheti cha kuzaliwa, au muende pamoja Huduma Centre. Kama uko msikiti wa Bungoma au Kitale, muombe imamu atenge sehemu ya sadaka kwa ada za korti na nauli. Kuhusu zaka, muulize shekhe wako nani anastahili. Sadaka haina mjadala, hata kwa asiyekuwa Mwislamu. Na dada zangu, kuna mambo ambayo mama aliyebakwa atakuambia wewe tu. Usimrekodi, usimpige picha. Msikilize, halafu muulize kama angependa kukutanishwa na washauri wa Mwatikho pale Bungoma, shirika la manusura wa mateso ambalo limefanya kazi hii muda mrefu.

Usiseme haitafika popote. Desemba 2020 Mahakama Kuu iliamuru manusura wanne wa ubakaji wa ghasia za baada ya uchaguzi walipwe shilingi milioni 4 kila mmoja. Kesi ile ilifunguliwa 2013. Ilichukua miaka 7, na ilisimama kwa sababu kuna watu walitunza karatasi na hawakuwaacha wale manusura peke yao.

Surat An-Nisaa inaanza kwa kutaja mali ya mayatima kabla hata ya kufika kwenye mirathi, na aya ya 10 ina onyo kali kwa anayeila kwa dhulma. Shamba la Kopsiro linalokaliwa na shemeji ni mali ya yatima, na sisi tukijua tukanyamaza tutaulizwa.

Ramadhani ikija, peleka unga. Watu wale. Lakini kabla hujaondoka, muulize mama swali moja: "Karatasi gani bado unakosa?" Kisha rudi kesho yake.

Allah awarehemu waliokufa, awafichue waliopotea, na atupe miguu ya kutembea na wanaodhulumiwa. Amin.