Vibao Mnavicheka, Mikataba Mnaiogopa

Kuna mchezo umezuka miongoni mwetu vijana tunaojidai kushika kalamu. Mtu akishasoma vitabu viwili vitatu vya Kiingereza, kazi yake inakuwa kupita mitaani akiwinda makosa kwenye vibao. Hapa Katoro mawindo hayaishi. Kinyozi kaandika "Saloon", muuza madaftari kaandika "Stationary", mama wa bia kaandika "Grocery". Basi mwenzetu anacheka hadi machozi, anakuja kutusimulia kijiweni, na sisi tunamwona msomi. Jamani, huo ndio usomi?

Nakubali kichekesho kipo. Kwa Kiingereza cha kamusi "saloon" ni mahali pa kunywea pombe, na "grocery" ni duka la unga na sukari. Kwa hiyo Mmarekani akishuka stendi ya Katoro na kiu yake ya bia, ataingia saluni atoke kanyolewa. Akifuata sukari grosari, atatoka kalewa. Na "stationary", kwa ile herufi a, ni kitu kisichosogea, ingawa kwa hali ya biashara ilivyo huenda mwenye duka hakukosea sana. Haya, tumecheka. Sasa niulize: ni nani aliyewahi kupotea? Ni mtu gani wa Katoro aliyekwenda grosari na kikapu kutafuta unga? Hayupo. Neno limeajiriwa upya na linafanya kazi yake.

Kwani lugha zote si ndivyo zinavyoishi? Kwa Mwingereza "guest" ni mgeni, kwetu gesti ni nyumba anamolala huyo mgeni. Hoteli kwake ina vitanda, kwetu inatosha iwe na ugali na samaki. Kibao cha kuwaambia madereva wapite kushoto kimetupatia kipilefti, na hakuna dereva anayegongana na mwenzake kwa sababu ya sarufi. Wao nao walichukua "safari" yetu. Kwetu kwenda Mwanza msibani ni safari, kwao safari ni kuangalia simba. Umewahi kusikia mtu wa London akiiomba radhi BAKITA? Thubutu!

Tena shukeni duarani mkasikilize. Mashine ya kusaga mawe ni karasha. Magogo ya kuzuia kuta zisianguke ni matimba. Huko Ulaya "timber" ni mbao tu za fundi seremala. Kwa mchimbaji wa Nyarugusu au Rwamagasa timba ni uhai wake: likikatika, amefukiwa. Neno lililobeba uzito huo mtaliitaje Kiingereza kibovu? Hilo ni la kwetu, na mwandishi anayelifungia kwenye alama za mtajo kama mtuhumiwa hajui anaandikia watu gani.

Kiingereza kinachotuumiza ni kile kilichopigwa chapa vizuri kabisa, hakina kosa hata la nukta, na kinalala kwenye karatasi ya kusaini. Hicho hamkicheki. Hicho mnakiogopa, tena mnakiheshimu.

Tazameni maneno yake. Yanavaa nguo za kila siku ili uyafungulie mlango. "Party" si sherehe, ni upande mmoja wa mkataba. "Consideration" si huruma wala kufikiriwa, ni kile unachotoa ili nawe upate. "Execute" ambalo kwingine ni kunyonga mtu, hapo ni kutia saini. "Instrument" si ngoma wala gitaa, ni hati. Kijana aliyesoma msingi kwa Kiswahili, akaisukuma sekondari kwa Kiingereza cha kukariri, anasoma karatasi ile na kila neno anadhani analijua. Hapo ndipo hatari ilipo. Neno usilolijua kabisa utauliza. Neno unalodhani unalijua utalisaini.

Mtasema Serikali imeshalitazama hilo. Kweli, Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, ingawa iliacha mlango wa Kiingereza kutumika inapobidi. Ni hatua kubwa. Lakini sheria haitungi sentensi. Sentensi hutungwa na watu, na hapa ndipo nawageukia nyie wenzangu.

Kwa sababu tafsiri mbovu nayo ni wizi. Chukueni hili neno tunalolimeza kila siku: mchimbaji mdogo. Kiingereza kilisema uchimbaji wa kiwango kidogo. Kipimo kilikuwa cha kazi, eneo na mtaji. Sisi tukauchukua udogo huo tukambandika mtu mwenyewe. Mzee ana wajukuu, ana vijana ishirini chini yake, ana leseni ya miaka saba, bado anaitwa mdogo! Mtu akiitwa mdogo miaka yote, hata mezani atapewa kigoda.

Mwaka 2017, Bunge lilipopitisha sheria ya kuipitia upya mikataba ya maliasili, Kiingereza kilitumia neno lenye dhamiri ndani yake: masharti ambayo mtu mwenye dhamiri hawezi kumtwisha mwenzake. Kiswahili kikasema "masharti hasi". Hasi! Kama namba za darasani! Dhamiri imekwenda wapi? Mwandishi gani alipiga kelele?

Na pale tulipolipata neno sawasawa, mlione lilivyofanya kazi. Mwaka huohuo usafirishaji wa mizigo kutoka Bulyanhulu na Buzwagi ulipozuiwa, kwanza tuliambiwa ni "mchanga". Kwa mtu wa kawaida mchanga ni wa kujengea choo, unagombaniwa wa nini? Likaja neno makinikia, na mara nchi nzima ikaelewa kwamba ndani ya makontena mna dhahabu, shaba na fedha. Mjadala ukawa wa wote. Hapa Geita nako, mawe ambayo mgodi unayaita taka kwa Kiingereza, wananchi waliyaita magwangala, na kwa jina hilo wakayadai. Taka haina mwenyewe. Magwangala yalikuwa na wenyewe, na madai hayo yalifika hadi kwa Rais.

Basi, ndugu zangu, acheni vibao vya watu. Kinyozi ana wateja na nywele zinakatwa. Kama unakijua Kiingereza kweli, kaa na mwenye duara umsomee mkataba wake mstari kwa mstari, na pale Kiswahili kinapokwama tunga neno, uliza wazee, gombana na kamusi. Na jarida hili lianze sasa: kila toleo neno moja la mkatabani, lifafanuliwe kwa Kiswahili ambacho mtu wa karasha ataelewa vumbi likiwa bado usoni. Nafasi ya vichekesho vya saluni inatosha kabisa kwa kazi hiyo.