Msiuite Ubahili Akili

Hadithi ya Oakland imesimuliwa mno, na karibu kila anayeisimulia huikata pale panapomfaa. Michael Lewis aliitolea kitabu mwaka 2003, Moneyball. Mwaka 2011 Hollywood wakaifanya filamu, Brad Pitt akaigiza. Na tangu hapo imekuwa msahafu wa kila bosi asiyependa kulipa. Nimeisikia kwenye semina za vijana hapa mjini. Nimeisikia kwa mhariri mmoja (jina ninalo, silitaji) akitueleza kwa nini hadithi zetu zitalipwa kwa "kujulikana". Eti kuna timu ya besiboli kule Marekani ilikuwa haina kitu, ikatumia kichwa, ikawabwaga matajiri. Basi nanyi vijana tumieni kichwa, acheni kulilia mshiko.

Haya, tuisimulie yote basi, tuone kama inawafaa.

Mwaka 2002 Oakland Athletics walikuwa na fungu la mishahara la dola milioni 40 hivi. New York Yankees walikuwa na milioni 126 hivi. Isitoshe, Yankees walikuwa wametoka kumchukua nyota wa Oakland, Jason Giambi, kwa mkataba wa miaka 7 na dola milioni 120. Johnny Damon naye akaenda Boston. Kila mtu akasema Oakland kwisha habari yao. Msimu ulipofungwa, Yankees walikuwa wameshinda michezo 103. Na Oakland? 103 vilevile.

Hilo ni kweli tupu, na mtu asije akanisingizia kwamba nalibeza. Walifanyaje? Kwa asiyeujua mchezo: mrushaji anarusha mpira, mpigaji anausubiri na gongo mkononi. Akiupiga vizuri anakimbilia kituo cha kwanza, na akifanikiwa kuvizunguka vituo vyote hadi alipoanzia, timu inahesabiwa pointi. Lakini mrushaji akikosea shabaha mara 4, mpigaji anapewa kituo cha kwanza bure, hata kama hakuugusa mpira. Wazee wa mchezo walikuwa hawaithamini zawadi hiyo. Walitaka mwanamume mwenye kifua, mwenye mbio, anayelipiga gongo likalia. Oakland wakajiuliza swali la kitoto: kwani pointi inajua mtu alifikaje kituoni? Meneja wao mkuu, Billy Beane, na msaidizi wake Paul DePodesta wakaanza kuokota watu ambao soko lilikuwa limewatupa lakini walikuwa na subira ya kusubiri mpira mbovu upite. Wakamchukua Scott Hatteberg, mdakaji aliyeumia mishipa ya kiwiko hata hawezi tena kurusha sawasawa, wakamhamishia kituo cha kwanza, mahali ambapo hakuwa amewahi kucheza. Wakawa na Chad Bradford, mrushaji aliyeinama wakati wa kurusha hadi mkono ukakaribia kukwaruza udongo. Watu walikuwa wakimcheka.

Msimu huohuo wakashinda michezo 20 mfululizo. Wa 20, Septemba 4, walikuwa wanaongoza 11 kwa 0 dhidi ya Kansas City, wakazembea, ikawa 11 kwa 11. Aliyewaokoa ni huyohuyo Hatteberg wa kiwiko kibovu. Aliupiga mpira ukavuka uzio. Nani asiyependa hadithi kama hiyo? Hata mimi naipenda.

Na kuna kipande chake kinachotuhusu hasa sisi tunaoandika. Mawazo yale hayakuzaliwa Oakland. Aliyeyasambaza ni Bill James, kijana wa Kansas aliyekuwa mlinzi wa usiku kwenye kiwanda cha maharage ya kopo. Usiku anakaa na takwimu za besiboli, anahoji kila ambacho wakubwa wanakiamini. Mwaka 1977 akatoa kijitabu chake mwenyewe, cha kudurufu, akaweka tangazo gazetini. Zikauzika nakala 75 hivi. Sabini na tano! Hata gazeti letu hili la kuchangishana linapita hapo. Baada ya robo karne, mwaka 2003, Boston Red Sox wakamwajiri, na mwaka 2004 wakatwaa ubingwa walioukosa kwa miaka 86. Angalieni vizuri lakini: Boston walikuwa matajiri. Ile akili iliyosemwa ni silaha ya maskini, matajiri waliinunua upesi kabisa, wakaiongezea fedha juu.

Sasa njooni kwenye sehemu ambayo watu wa semina wanairuka.

Katika ushindi ule wa 103, michezo 57 ilikuwa ya warushaji watatu: Barry Zito 23, Mark Mulder 19, Tim Hudson 15. Kwenye filamu unaweza kupepesa jicho ukawakosa. Mchezaji bora wa ligi nzima ya Marekani upande wao mwaka ule, Miguel Tejada, naye alikuwa wa Oakland. Hawa hawakuokotwa jalalani. Walikuwa vijana wakali, kila mtu anajua ni wakali. Kwa nini basi walikuwa rahisi? Kwa sababu kanuni za besiboli ya Marekani zinasema mchezaji akishaingia ligi kuu ni mali ya klabu kwa miaka 6 ya utumishi. Miaka kama 3 ya mwanzo klabu inampa inachotaka, mradi isishuke chini ya kima cha chini. Baadaye anaruhusiwa kwenda kwa mwamuzi wa mishahara, lakini kuondoka hawezi. Anacheza kama simba, analipwa kama mwanafunzi. Kompyuta ya Oakland iliongeza chumvi tu. Chakula chenyewe kilipikwa kwenye mkataba.

Tejada ni mtoto wa familia maskini ya Baní, Jamhuri ya Dominika. Oakland walimsajili mwaka 1993 kwa dola 2,000. Akawapa miaka yake bora. Ilipofika zamu ya kulipwa, klabu ikasema haina uwezo, akaenda Baltimore kwa dola milioni 72. Beane yeye, mwaka 2005, alipata kipande cha umiliki wa timu. Simwonei kijicho. Nasema tu kwamba akili iliyowekeza pale ililipwa, na miguu iliyokimbia pale ikaonyeshwa mlango.

Na hiyo miaka 6 ni nafuu, msidhani! Kabla yake mchezaji alikuwa mali ya klabu maisha. Curt Flood alipouzwa na St. Louis kwenda Philadelphia mwaka 1969 alikataa kwenda, akaenda mahakamani, na mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Marekani ikamshinda kwa kura 5 kwa 3. Mlango ulifunguka mwaka 1975, kwa wengine, yeye akiwa ameshaacha mchezo.

Hao angalau ni wa ligi kuu. Chini yao kuna ligi ndogo ambako kila klabu inafuga vijana wake. Mwaka 2018 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwanyima vijana hao ulinzi wa kima cha chini cha mshahara kwa saa. Mwaka 2020 ugonjwa ulipofunga michezo, klabu zilikuwa zikiwapa posho ya dola 400 kwa wiki. Ni klabu gani ilitangaza mwishoni mwa Mei kwamba itaikata? Oakland! Ileile ya hadithi tamu. Makelele yakapigwa, na mwanzoni mwa Juni mmiliki, John Fisher, akarudi nyuma. Mwaka 2022 vijana wakaingia kwenye chama cha wachezaji, na mwaka 2023, kwa mkataba wao wa kwanza, mshahara wa ngazi ya chini kabisa ukapanda kutoka dola 4,800 kwa mwaka hadi 19,800. Fedha zilikuwapo wakati wote, ndugu zangu. Zilikuwa zinasubiri kudaiwa.

Atasema mtu: lakini timu za miji midogo hazina mapato, zifanyeje? Kuna ukweli hapo. Oakland haikuweza kuuza tiketi na televisheni kama New York. Lakini besiboli ina utaratibu wa timu tajiri kuzichangia zile maskini ili ziimarishe vikosi. Mwaka 2018 chama cha wachezaji kilizishtaki klabu 4, Oakland, Tampa Bay, Miami na Pittsburgh, kikilalamika juu ya jinsi zinavyoutumia mgawo huo. Na huyo Fisher ni mtoto wa waanzilishi wa maduka ya nguo ya Gap. Mwaka 2005 yeye na mwenzake waliinunua timu kwa dola milioni 180. Mwaka 2023 jarida la Forbes liliikadiria kuwa na thamani ya zaidi ya bilioni 1. Huo ndio umaskini tunaohubiriwa? Mtu ana ghala limejaa, anawaambia vibarua wafunge mkanda, kisha anasifiwa kwa kubuni mkanda mwembamba kuliko wa jirani!

Kufunga mkanda sisi tunakujua tangu tuko mgongoni. Ndiyo maana hadithi hii inatuingia haraka, na ndiyo maana inanikera. Kijana asiye na kitu akibuni njia, huo ni ujanja wa mjini na namvulia kofia. Bill James kwenye lindo lake alikuwa hivyo. Mwenye nacho akikataa kutoa, hata akiwa na kompyuta kumi na vitabu vya hesabu, Kiswahili kina neno lake na halijabadilika.

Na kombe je? Timu ile ya Beane ilitolewa raundi ya kwanza ya mchujo mwaka 2000, 2001, 2002 na 2003, kila mara katika mchezo wa tano, wa mwisho. Tampa Bay waliokuja kuwa mabingwa wa kubana matumizi walifika fainali mwaka 2008 na 2020, wakapoteza zote. Miaka ikaenda, Oakland wakazidi kubana hadi kukabaki mifupa: mwaka 2023 walipoteza michezo 112. Juni 13 mwaka huo mashabiki 27,759 walikuja uwanjani kwa makusudi, si kugoma bali kujaa, wamevaa fulana zenye neno moja la kumwambia mmiliki auze timu. Hakuuza. Novemba wamiliki wenzake wote wakampigia kura ahamie Las Vegas, ambako jimbo la Nevada lilikuwa limeahidi hadi dola milioni 380 za umma kwa ajili ya uwanja. Wakati unajengwa, timu ikaenda kucheza Sacramento kwenye uwanja wa ligi ndogo.

Mchezo wa mwisho Oakland, baada ya miaka 57 mjini hapo, ulichezwa Septemba 26, 2024. Walikuja watu 46,889. Walishinda, 3 kwa 2.