Siku ya chanjo, mtoto aangaliwe pia anavyotazama

Mama wa Bukavu, Goma au Bunia anayepeleka mtoto kwenye chanjo anajua utaratibu: fishi, kilo, sindano, kisha kurudi nyumbani. Swali moja linastahili kuongezwa hapo: je, mtoto huyu anatazama?

Linawahusu kwanza watoto waliozaliwa kwa shida: waliochelewa kulia kwa kukosa hewa, waliozaliwa kabla ya wakati, waliopata manjano makali au degedege katika siku za kwanza. Ubongo wao unaweza kuwa umeumia, na kuona ni kazi ya ubongo pia, si ya macho peke yake. Mganga anaweza kumulika jicho asipate kasoro yoyote, na bado mtoto asifuate uso wa mama yake.

Kwa kawaida, karibu na majuma 6 mtoto huanza kukaza macho kwenye uso wa anayemnyonyesha. Kufikia miezi 3 hufuata kitu kinachosogezwa mbele yake. Katika Congo, chanjo hutolewa kwenye majuma 6, 10 na 14. Nafasi basi iko tayari. Muuguzi hahitaji mashine: kitambaa chekundu kikisogezwa polepole, sentimita 30 hivi kutoka usoni, na dakika moja ya utulivu vinatosha kuonyesha nani apelekwe kwa daktari.

Atakayesema kwamba wauguzi ni wachache, foleni ni ndefu na vita vimewakimbiza watu, anasema kweli. Lakini familia ikiachwa bila jibu, huletewa jibu na majirani: mtoto amerogwa, au ataamka mwenyewe akikua. Hapo ndipo inapopotea miezi ya kwanza, wakati ubongo ungali na nguvu nyingi ya kujifunza njia mpya.

Mama aliyeelezwa mapema ana la kufanya nyumbani. Anaonyesha kitu kimoja tu kwa wakati, chenye rangi kali, mahali pasipo kelele, kisha anangoja, maana mtoto huyo hukawia kutazama na huchoka haraka. Kidonda cha ubongo hakiponi kwa hayo, lakini mtoto anaweza kujifunza kutumia vizuri uwezo uliobaki.

Wakubwa wa afya katika majimbo waongeze mstari mmoja kwenye fishi: anatazama, ndiyo au hapana. Na pale muuguzi anapoandika hapana, mama asirudi nyumbani kabla ya kuambiwa aende wapi.