Kitu Kimoja, Jina Moja

Msomaji, mkulima wa Bungoma aendapo dukani kununua mbegu ya mahindi iitwayo H614D, hutaja jina lile lile alitajalo mwenzake wa Kitale, nao hupewa mbegu ile ile. Jina likiwa moja, hapana kubabaika.

Sasa itazame M-PESA, iliyoanzishwa na Safaricom mwaka 2007. Inayo njia ya kumpelekea mnunuzi ombi la malipo katika simu yake, naye akatia namba yake ya siri. Katika maelezo waandikiwayo watengenezaji wa programu, njia hiyo moja imeitwa STK Push, na Lipa na M-PESA Online, na tena M-PESA Express. Kijana anayejifunza kazi hiyo hudhani ni vitu vitatu, akatafuta tofauti isiyokuwapo.

Wako wasemao kwamba jina si kitu, maadamu fedha zafika. La! Ajuaye hapotei, anayejifunza ndiye apoteaye, na maelezo yaliandikwa kwa ajili yake. Mwanafunzi akiandika hivyo katika insha, sisi walimu humsahihisha. Mbona basi kampuni kubwa isisahihishwe? Nawe uandikapo, chagua jina moja, ulishike mpaka mwisho.