TSHUKUDU: TUSIKATAZWE TU, TUPEWE MAHALI



Kila mmoja wetu anajua habari ya juma lile. Wenzetu wawili wa darasa la tano walipandisha tshukudu mpaka Munigi, wakashuka nayo kwa mashindano. Haikuwa na frene. Walipofika mbele ya kamio iliyosimama, mmoja alijitupa pembeni juu ya mawe ya volkano. Yale mawe tunayajua, yanapasua ngozi kama chupa. Mkono wake ulivunjika mahali pawili. Jumatatu asubuhi tangazo likabandikwa: mwanafunzi yeyote atakayeonekana na tshukudu atafukuzwa siku tatu.

Sisi makapita ndio tuliosoma tangazo hilo mbele ya mstari, na tutalishika. Lakini kushika amri si kunyamaza. Ukurasa huu ni wa mawazo, basi tuseme letu kwa heshima.

Kwanza, tunakubali kwamba barabara ya Munigi si mahali pa mchezo. Kuna kamio, kuna pikipiki, kuna wamama wenye mizigo. Wenye kuishuka kila siku na magunia ya viazi na makala kutoka Kibumba wanaijua tangu utoto, na hata wao wanaanguka. Hapo hatuna ubishi.

Pili, tuseme namna tunavyoijua tshukudu sisi wenyewe. Wakati wa likizo ya Pasaka, watano wa darasa la sita tulitengeneza moja ndogo, ya mbio, nyuma ya nyumba ya mzazi mmoja huko Majengo. Hesabu yetu ni hii. Mbao za mkaratusi tulipewa na mjomba wa mwenzetu. Mpira wa gari uliokufa tulipewa bure na mtengenezaji wa mipira. Rulma mbili za zamani kutoka garaji, franga 10 000. Misumari na bulo, 8 000. Chuma ya usukani na kazi ya kuichomea, 12 000. Jumla 30 000, yaani 6 000 kwa kila mtu. Tangu benki za Goma zilipofungwa Januari 2025, kila nyumba inajua namna elfu sita inavyotafutwa. Mmoja wetu alifua nguo za jirani majuma mawili.

Gurudumu letu la kwanza liliruka kama mbuzi. Tulikuwa tumelikata kwa macho tu. Baba ya mwenzetu mmoja akacheka sana, akapiga msumari katikati ya ubao, akafunga kamba, akachora mviringo. Jometri ile tuliisoma miaka mingi, lakini siku ile ndiyo tuliiona. Akatufundisha tena kuondoa kila ubao usiobeba kitu, maana chombo chepesi kinaondoka upesi kuliko kizito kwa nguvu ileile ya mguu. Hiyo imeandikwa katika daftari yetu ya fizika. Yeye hakupita shule ya msingi.

Mwisho akakata kipande cha mpira, akakipigilia nyuma, juu ya gurudumu, mahali pa kukanyaga kwa kisigino. Ile ndiyo frene. Haikutuomba hata franga moja. Akasema: «Bila hii, musishuke nayo hata siku moja.» Mwalimu wetu alikwisha kutufundisha kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, njia ya kusimamia inakuwa ndefu mara nne. Wale wenzetu wa darasa la tano hawakukosa feza ya frene. Walikosa mtu wa kuwaonyesha.

Tatu, na hili ndilo lilitufanya tuandike. Tangazo liliita tshukudu «kitu cha watu wasiosoma». Tulipofika kwenye maneno hayo, tuliona kijana mmoja mstarini akiangalia viatu vyake. Ni mtoto wa yule baba. Miaka mine alituambia kwamba baba yake anafanya biashara. Siku ya kwanza ya kazi yetu alitushika pembeni: «Musiseme ku masomo kama baba anasukuma tshukudu.» Lakini minervali yake yote, tangu darasa la kwanza, ilishuka kutoka Kibumba juu ya mbao mbili na magurudumu mawili. Tangu 2009 mji wetu una sanamu ya tshukudu yenye rangi ya zahabu, na watu wa arusi wanaenda kupigiwa picha pale. Sanamu tunaiheshimu, na mwenye kusukuma je? Sisi ni shule ya Wakristo. Bwana wetu mwenyewe alijulikana kwa kazi ya useremala.

Tunaomba nini basi? Vijana wa Marekani, nyuma ya vita ya 1939-1945, walinunua magari makuukuu, wakaondoa kila chuma kisicho na kazi, wakashindana barabarani usiku. Watu walikufa. Serikali za mji zilikataza, lakini mbio hazikuisha. Ndipo wengine wakafikiri namna nyingine. Mwaka wa 1950, huko Santa Ana, California, walianza kukimbia kwenye uwanja wa ndege, wawili wawili, njia iliyonyooka, karibu metre 400. Mwaka wa 1951 Wally Parks alianzisha chama cha mbio hizo, chenye sheria na ukaguzi wa kila gari. Wakatolewa barabarani kwa kupewa mahali.

Sisi hatuombi uwanja wa ndege. Tunaomba metre 60 za kiwanja chetu, pale penye usawa karibu na ukuta, Jumamosi moja kila mwezi nyuma ya salongo. Wawili wawili, kutoka kusimama, bila mtelemko. Tshukudu isiyo na frene isikimbie. Kofia za pikipiki tutaazima. Feza za chombo kimoja zisipite 30 000, ili mtoto wa tajiri asishinde kwa mfuko wa baba. Mwalimu wa fizika apime saa. Na mkaguzi wa magurudumu awe mmoja wa wale wazee wa tshukudu, aalikwe kwa barua, akaribishwe kiti mbele pamoja na waalimu.

Wengine watasema: Egzetati inakaribia, michezo ya nini? Tunajibu: sisi finalisti tuko wa kwanza kuiogopa Egzetati. Lakini swali la mwendo na nguvu tuliloshika kwa mikono halitatuponyoka siku ile.

Bwana Prefe, Bwana Mkubwa wa nidhamu, amri yenu tunaishika. Tunaomba tu mwangalie maneno mawili matatu ya lile tangazo, myafute. Mwenzetu wa mkono uliovunjika anaandika sasa kwa mkono wa kushoto. Na yule mwingine, tungependa siku moja aingie shuleni pamoja na baba yake, bila kuangalia chini.

Sisi, makapita wa darasa la sita